Mgombea, Tuambie Habari za Darasani

Leo nazungumza hasa na walimu, lakini nawe mzazi usizime redio, kwa sababu jambo lenyewe linaishia kwenye daftari la mwanao.

Walimu wa nchi hii wana vyama vya namna mbili, na mara nyingi tunavichanganya. Kuna chama cha wafanyakazi, Chama cha Walimu Tanzania (CWT), kilichoundwa mwaka 1993, ambacho kazi yake ni kudai: mishahara, kupandishwa madaraja, malimbikizo, nauli za likizo, haki ya mwalimu anapoonewa. Kazi hiyo ni halali, tena ni nzito. Halafu kuna vyama vya taaluma. Walimu wa Hisabati wana CHAHITA. Wakuu wa shule za sekondari wana TAHOSSA. Walimu wa masomo mengine nao wana umoja wao, pengine wa mkoa, pengine wa wilaya tu. Wengine wana katiba iliyosajiliwa, wengine wana kundi la simu na mweka hazina basi. Hivi vya pili vipo kwa sababu moja kubwa: mwalimu aliyehitimu chuo miaka kumi iliyopita aendelee kujifunza kazi yake, na ajifunze pamoja na wenzake.

Vyama hivi vina kamati tendaji na bodi, na wajumbe wake huchaguliwa kwa kura. Hapo ndipo nataka tukae jioni hii. Naona tunawapima wagombea wa vyama vya kujifunza kwa kipimo cha chama cha kudai, na mara nyingine kwa kipimo cha chama cha kuzikana. Jambo hili linaniuma, na nitaeleza kwa nini.

Nimehudhuria mikutano mikuu ya aina hii katika mikoa tofauti, na sura yake hufanana. Ukumbi ni wa shule, viti ni vya plastiki, meza kuu imetandikwa kitambaa. Baada ya taarifa ya fedha, ambayo husomwa haraka, msimamizi wa uchaguzi huwaita wagombea mmoja mmoja na kuwapa dakika tatu za kujinadi. Anasimama wa kwanza: "Ndugu wajumbe, mnanifahamu. Mkinipa kura zenu, posho ya vikao nitaipandisha, fulana za chama zitapatikana, na mwenzetu akifiwa hatutamwacha peke yake." Makofi. Anasimama wa pili, naye anaahidi safari ya mafunzo nje ya mkoa. Makofi zaidi. Wa tatu anawakumbusha wajumbe kwamba yeye anafahamika wizarani. Mkutano unapiga kura, matokeo yanatangazwa, watu wanakwenda kula. Katika muda wote huo hakuna mgombea aliyetamka neno mtoto, wala mjumbe aliyemuuliza mgombea anafundishaje.

Sasa niwapeleke mahali pengine. Shule moja ya msingi ya vijijini ilinikaribisha siku ya jumuiya ya kujifunza. Walimu wanaonisikiliza wanajua nazungumzia nini. Kwa mzazi nieleze kidogo. Serikali ina mpango unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Katika mpango huo walimu wa shule moja, au wa shule za jirani, hukaa pamoja baada ya vipindi, wakachukua tatizo halisi la ufundishaji na kulishughulikia wenyewe.

Siku hiyo watoto walikuwa wameshatawanyika. Mwalimu wa darasa la tatu alikuja na rundo la madaftari akayaweka mezani. Swali lilikuwa moja: 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Lakini daftari baada ya daftari lilikuwa limeandikwa 376. Mwalimu mmoja kijana akasema watoto hawa hawasikilizi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye amefundisha madarasa ya chini karibu maisha yake yote, akamwambia: "Mwalimu, hebu ngoja. Wangekuwa hawasikilizi, kila mmoja angekosea kivyake. Hawa wamekosea kwa namna moja. Wana kanuni." Akachukua daftari, akaweka kidole juu ya tarakimu. Mbili na nane: mtoto ametoa ndogo kwenye kubwa, akapata sita. Sifuri na saba: akafanya vilevile, akapata saba. Nne na moja, tatu. "Kanuni hii tumewafundisha sisi," akasema. "Darasa la kwanza tuliwaambia huwezi kutoa namba kubwa kwenye namba ndogo. Wametutii."

Chumba kilinyamaza. Halafu yule mama akatoa vijiti vilivyofungwa kwa mpira: mafungu manne ya mamia, na vijiti viwili pembeni. Akamwita yule mwalimu kijana awe mwanafunzi. Kijana anahitaji vijiti vinane, anavyo viwili. Anageukia mahali pa makumi, hapana kitu. Akataka kuchomoa vijiti kumi moja kwa moja kutoka fungu la mia. Mama akamzuia: "Utapata kumi zako, lakini huku nyuma utaacha nini? Fungua mia yote. Inakuwa makumi kumi. Yaweke mahali pake. Sasa chukua kumi moja, yabaki tisa." Ile tisa iliyobaki katikati ndiyo inayowapotea watoto wengi, na siku hiyo niligundua kwamba baadhi ya walimu waliokuwa mezani hawakuwahi kuiona kwa macho, waliikariri kama walivyokaririshwa. Wakapanga nani atafundisha somo hilo upya keshokutwa na nani atakaa nyuma ya darasa kuangalia watoto wanakwama wapi. Kikao kilichukua kama saa moja. Hapakuwa na bango, wala bahasha, wala mgeni rasmi.

Hicho, ndugu zangu, ndicho kitu ambacho chama cha taaluma kimeundwa kukizalisha. Kiongozi wa chama cha namna hiyo namtarajia aongeze saa za aina ile, azisambaze zifike shule ambazo hazina mama wa vijiti, na azilinde zisimezwe na shughuli nyingine. Mgombea anayeomba kura yako hana budi kuonyesha kwamba anaijua saa ile, kwamba amewahi kukaa ndani yake, na kwamba ana njia ya kuwafikishia wengine. Hayo mengine ya fulana yatajipanga.

Kwa nini nalisema hili kwa msisitizo hivi sasa? Tazama mzigo aliobeba mwalimu wetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitolewa upya mwaka 2023, na kuanzia Januari 2024 mitaala mipya ikaingia madarasani, ikianza na elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza. Kiingereza, ambacho katika shule zetu za serikali kilikuwa kikianza kufundishwa darasa la tatu, sasa kinaanza darasa la kwanza. Mwalimu aliyekuwa akifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili anatakiwa awafundishe watoto wa miaka sita Kiingereza kama somo, wakati yeye mwenyewe lugha hiyo anaizungumza kwa wasiwasi. Sekondari nako, Hisabati ya kidato cha nne imekuwa jeraha la miaka mingi: kwa miaka ya karibuni waliofaulu wamekuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne, basi. Haya hayawezi kuisha kwa waraka.

Utaratibu tuliouzoea ni semina ya ngazi kwa ngazi. Wataalamu wanawafundisha wawezeshaji wa taifa, hao wanawafundisha wa mkoa, wa mkoa wanateremka wilayani, na wilaya inamwita mwalimu mmoja kutoka kila shule kwa siku mbili ili akawafundishe wenzake. Huyo mmoja akirudi, ana vipindi vyake vinavyomsubiri, na wenzake wana vyao. Anaweka kijitabu ofisini kwa mwalimu mkuu, na habari inaishia kwenye kabati. Ujumbe wa siku tano kule juu unamfikia mwalimu wa darasani ukiwa dakika ishirini za maelezo wakati wa chai. Sisemi semina hazina maana. Nasema haziwezi kubeba mzigo huu peke yake.

Utafiti nao unasema hivyo. Mwaka 2017 Linda Darling-Hammond na wenzake wawili huko Marekani walizipitia tafiti 35 zilizoonyesha kwa uthabiti kwamba mafunzo ya walimu yalibadilisha ufundishaji na kuwasaidia wanafunzi, wakatafuta mafunzo hayo yalifanana katika nini. Yalihusu somo lenyewe analofundisha mwalimu, kwa undani. Mwalimu alishiriki kwa vitendo, akashirikiana na wenzake, akaona mifano ya ufundishaji mzuri, akapata mtu wa kumwelekeza, akapewa nafasi ya kujitathmini. Na yalichukua muda, majuma na miezi. Ukiipima saa ya vijiti kwa orodha hiyo, inakidhi sehemu kubwa. Ukiipima semina ya siku moja yenye mgeni rasmi na picha ya pamoja, unabaki na kidogo sana.

Wajapani wamekuwa wakifanya hivi kwa zaidi ya miaka 100: walimu wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani wakiwatazama wanafunzi, kisha wanalijadili na kulirekebisha. Hapa jirani zetu Kenya, mwaka 1998, kwa ushirikiano na shirika la Kijapani la JICA, walianzisha mradi wa kuimarisha Hisabati na Sayansi sekondari, ule uliojulikana kwa jina la SMASSE. Ulianzia wilaya 9, ukaja kuenea nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika zikaanza kwenda Nairobi kujifunza. Kwa hiyo asije mgombea akatuambia kwamba walimu kujifunza kutoka kwa walimu ni ndoto ya watu wenye maabara za kisasa. Imefanyika hapa hapa kwetu, kwa viazi, betri za redio na chupa za maji.

Turudi kwenye bodi. Nani hasa wanagombea? Angalia orodha za wagombea wa vyama vingi, utaona wakuu wa shule, maafisa elimu, wakufunzi wa vyuo, na wastaafu wa ngazi za juu. Ni watu wenye uzoefu, na wengi nawaheshimu. Lakini mwalimu anayeingia darasani vipindi 28 kwa juma yuko wapi? Hagombei, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Kugombea kunataka nauli ya kwenda kwenye mkutano, na nauli ya kwenda Dodoma kutoka Ukerewe au Mpanda si jambo dogo kwa mshahara wake. Kunataka ruhusa, na ruhusa inatoka kwa mkuu wake wa kazi, ambaye pengine naye anagombea nafasi ile ile. Kunataka kufahamika, na anayefahamika ni yule ambaye kazi yake inampitisha shule nyingi.

Kwa wanawake mlango ni mwembamba zaidi. Katika madarasa ya chini ya shule za msingi wao ndio nguzo, lakini kampeni hufanyika jioni, kwenye mgahawa wa karibu na ukumbi, baada ya kikao rasmi kufungwa. Mwalimu aliyekuja na mtoto mchanga, au ambaye mumewe anapiga simu kuuliza yuko wapi saa hizi, hawezi kuwapo hapo. Kura zinakuwa zimeshahesabiwa kwenye meza ya soda kabla ya sanduku kufunguliwa. Mama yule wa vijiti hajawahi kugombea chochote. Nilimuuliza. Akaniambia, "Baba, mimi nani atanipigia kura?" Jibu lile linapaswa kuwasumbua wanachama wote wa vyama hivi, maana chama cha kujifunza ambacho mwalimu wake bora haoni nafasi yake ndani yake kimepungukiwa na kitu cha msingi.

Dawa ipo, na iko kwenye katiba zenu. Wekeni viti katika bodi ambavyo lazima vikaliwe na walimu wa darasani, watu wenye ratiba ya vipindi ukutani. Chama kiwalipie wagombea hao nauli. Kura na kujinadi vifanyike mchana, ukumbini, mbele ya kila mjumbe. Ruhusa iombwe na chama kwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ili mwalimu asibaki akimbembeleza mkuu wake. Hakuna hata moja hapa linalohitaji mfadhili.

Na kuhusu soda, nauli za kificho na bahasha za usiku wa kuamkia uchaguzi, naomba niseme waziwazi. Mwalimu anayenunua kura za walimu wenzake hafai kuongoza kujifunza kwa mtu yeyote. Sisi ndio tunaowasimamia watoto kwenye chumba cha mtihani tukiwaambia wasichungulie.

Kuna jambo lililotokea Kenya ambalo kila mwanachama anayekwenda kupiga kura anapaswa kulikumbuka. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko, ya mwaka 2012, inamtaka mwalimu aendelee kujiendeleza kitaaluma. Wazo ni zuri. Mnamo Septemba 2021 mpango wa utekelezaji ukazinduliwa: moduli 6, kila moja ikichukua miaka 5, kwa hiyo miaka 30 ya kazi, taasisi nne zikateuliwa kuyatoa mafunzo, na mwalimu alipe mwenyewe shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Walimu wakapiga kelele nchi nzima, na ni haki yao. Waliuliza kwa nini mwajiri amwamuru mtu kujifunza kisha amtoze, kwa nini wenye shahada za uzamili waanzie mwanzo na wengine wote, na kwa nini taasisi ni hizo nne tu. Ukisoma malalamiko yale unaona kwamba wachache sana walipinga kujifunza. Walipinga kuletewa kitu kilichokwishapikwa.

Kwetu nako, Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018, na walimu wakaanza kuuliza habari za usajili, leseni na ada. Maswali kama hayo yatarudi tena, kwa jina hili au jingine, kwa sababu kila nchi inayotaka ualimu uheshimiwe kama udaktari na uhandisi inafika hapo. Siku yatakaporudi, nani atakuwa amekaa mezani kwa niaba ya mwalimu? Chama cha wafanyakazi kitakuwapo, kitazungumzia gharama. Lakini nani atasema: saa hizi za mafunzo mnazozihesabu, zihesabuni pia zile za jumuiya shuleni, mwalimu aliyekaa nyuma ya darasa la mwenzake mara kumi amejifunza kuliko aliyeketi hotelini siku mbili? Hilo ni la chama cha taaluma, na litasemwa vizuri na mjumbe wa bodi aliyelifanya kwa mikono yake. Kwa hiyo mgombea aulizwe mapema: ukiitwa kutoa maoni kuhusu leseni ya ualimu, utasema nini, na utatuuliza sisi kabla ya kwenda au baada ya kurudi?

Nimesema Marekani, nitaje chama kimoja cha huko kinachohusika moja kwa moja na mada yetu. Kinaitwa Learning Forward. Mizizi yake ni ya mwaka 1969, na hadi 2010 kilijulikana kama National Staff Development Council. Kazi yake ni hiyo moja tu, kujifunza kwa walimu na viongozi wa shule, na wanachama wake huchagua kwa kura wajumbe wa bodi ya wadhamini. Sikitaji ili tukiige; mazingira yao na yetu ni mbali, na ada yao ingemshinda mwalimu wetu. Ninachokipenda ni kwamba kimeandika viwango vya kile wanachokiita mafunzo bora ya mwalimu, na wamevirekebisha mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2022. Kukiwa na viwango vilivyoandikwa, mgombea anapimika. Unamuuliza: kiwango hiki umekitekelezaje kwenye wilaya yako? Vyama vyetu vingi vina katiba ya kurasa 20 inayoeleza akidi ya kikao na rangi za nembo, bila ukurasa mmoja unaosema mwalimu akijifunza vizuri anaonekanaje. Bodi mpya, yoyote ile, ingeweza kuuandika ukurasa huo mwaka wake wa kwanza, tena iuandike baada ya kuzunguka mashuleni.

Fedha nayo tusiikwepe. Chama kinachokusanya ada kutoka kwa mwalimu kinamdai hesabu nzuri mweka hazina wake. Kwenye taarifa nyingi za fedha nilizozisikia zikisomwa, fungu kubwa ni la mkutano mkuu wenyewe: ukumbi, chakula, malazi ya viongozi, posho. Nauelewa umuhimu wa mkutano mkubwa. Mwalimu wa Fizikia aliye peke yake kwenye sekondari ya kata, hana mwenzake wa somo katika kilomita 40, anapokutana na walimu 200 wa Fizikia chini ya paa moja, anarudi na nguvu mpya. Nimeliona hilo kwenye nyuso zao. Mkutano uwepo. Lakini ukila ada yote ya mwaka, yule wa kilomita 40 anabaki peke yake miezi kumi na moja iliyobaki. Mgombea atuambie: katika kila shilingi 1,000 ya ada, ngapi itafika kwenye kata? Kundi la simu la walimu wa Fizikia wa wilaya, lenye mtu anayelisimamia kweli na mada moja kila juma, gharama yake ni vocha. Ziara ya walimu wawili kwenda kumwona mwenzao akifundisha ni nauli ya bodaboda. Mtu aliyewahi kuyafanya haya kwa fedha zake za mfukoni, huyo ni mgombea.

Nakumbushwa hapa jambo la walimu wa elimu maalumu. Mwalimu mwenye watoto wasioona darasani mwake, au viziwi, mara nyingi ni mmoja tu shuleni na wachache wilayani. Hana jumuiya ya kujifunza ya kukaa nayo, kwa sababu hakuna mwenzake wa kujadiliana naye jinsi ya kumfundisha mtoto asiyeona umbo la pembetatu. Katika bodi nyingi sauti yake haipo kabisa, wala hakuna kiti kilichotengwa. Mgombea ambaye katika dakika zake tatu atamkumbuka mwalimu huyo bila kukumbushwa, mimi nitamtegea sikio.

Kwa hiyo mpigakura ana kazi ya kuuliza. Ukumbini muulize mgombea: mwaka jana ulijifunza nini kuhusu somo lako, na ulijifunza kwa nani? Akitaja semina, muulize alibadilisha nini aliporudi. Muulize ni lini mara ya mwisho mwalimu mwenzake alikaa nyuma ya darasa lake akimtazama akifundisha, kwa ridhaa yake mwenyewe, pasipo ukaguzi. Muulize ataje walimu wawili ambao wamekuwa walimu bora kwa sababu ya kufanya kazi naye, halafu wasikilize hao wawili, maana pengine wamo ukumbini. Mgombea aliye mkuu wa shule ataje jinsi anavyoilinda siku ya jumuiya shuleni kwake pale ugeni unapotangazwa ghafla. Dakika tatu hazitatosha kwa maswali haya. Basi msimamizi aongeze ziwe kumi, mapumziko ya chakula yasogee.

Kabla sijawaaga, neno kwa yule mwalimu anayesikiliza huku anasahihisha madaftari, ambaye tangu nianze kuzungumza anajisemea kwamba haya ni ya wakubwa. Fomu za kugombea zitakapotangazwa, chukua. Kama unaona haya kujichukulia, basi mchukulie mwenzako: yule ambaye walimu wageni wakipangiwa shuleni kwenu humwendea yeye kwanza kumuuliza hiki kinafundishwaje. Mpelekee fomu nyumbani, mjazie sehemu ya mpendekezaji, tafuta wawili wengine watie sahihi, mchangieni nauli ya mkutanoni, na mmoja wenu ajitolee kushika vipindi vyake siku atakazokuwa safarini.